Kiti cha Mume wa Ottilie

Slater, Iowa
9 Agosti 2011

Kwa Bi. Ottilie Lund,
Duka la Kofia,
Kijiji cha Kale cha Linden Fork, nje ya Des Moines

Bibi,

Mtoto wa jirani alirudi kutoka ziara ya shule na karatasi inayosema kwamba mtu yeyote akiwaandikia watu wa kijiji chenu atajibiwa, ilimradi akumbuke kwamba kwenu ni mwaka 1876. Nimekumbuka. Mimi ni mkulima, au nilikuwa, na sijaandika barua tangu nilipokuwa jeshini, kwa hiyo usitafute uzuri humu.

Nataka kofia ya mwanamke. Kichwa ni inchi ishirini na mbili kuzunguka. Nimeizungushia kamba kofia yake ya zamani, kisha kamba nikaipima kwa rula ya karakana. Rangi anayopenda siijui. Ungeniuliza rangi za ng'ombe wangu wa mwaka 1974 ningekutajia mmoja mmoja.

Jambo la pili, na ndilo hasa lililonikalisha mezani: nasikia una mume. Watu waliopita dukani kwako wanamtaja. Nataka kujua ni mtu wa namna gani. Usiniulize kwa nini. Sababu ninayo, na haraka ninayo pia, kwa maana mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja nahama hapa.

Wako,
M. Egeland


Linden Fork
14 Agosti 1876

Bwana Egeland,

Barua yako imenifikia asubuhi ya ukungu, ile ambayo shamba la mahindi nyuma ya duka huwa mistari mitatu tu, halafu weupe. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa peke yangu kiasi kwamba sauti ya karatasi ilinishtua.

Nitakushonea kofia ya majani ya ngano yaliyosukwa, yenye ukingo mpana wa kukinga jua la Julai. Utepe nimeuchagua mwenyewe: rangi ya mto jua linapozama, si kijani wala si kijivu. Mwanamke ambaye mumewe hajui rangi anayoipenda labda hupenda rangi isiyo na jina.

Unauliza habari za mume wangu. Ni mrefu, ana ndevu laini, na hulima akiimba. Upepo ukitoka kusini naisikia sauti yake kabla sijamwona. Majira ya kuchipua huniletea maua ya tufaha mwitu ndani ya kofia yake. Jioni hunisomea gazeti, na nikinyamaza naye hunyamaza, wala haulizi nina nini. Hapa dukani bado hajafika. Atakuja mahindi yakishaingia ghalani. Kiti chake kiko kando ya jiko na simruhusu mtu kukikalia.

Watoto wa shule hunielekeza mashariki, wakaniuliza kama naliona kuba la dhahabu la jengo la serikali. Nawaambia jengo lile bado ni kuta na majukwaa ya waashi. Huniapia kwamba kuba lipo. Natazama wanakoonyesha, naona wingu linalong'aa. Siku nyingine hunijia fikira kwamba wao ndio wanaoota, na siku nyingine kwamba ni mimi.

Nikutakiaye mema,
Ottilie Lund, mshona kofia


Slater
22 Agosti 2011

Bi. Ottilie,

Anaimba. Sentensi hiyo nimeisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Nimelima miaka arobaini na minane. Aliyekuwa akiimba ni trekta, na ilitosha.

Maua ndani ya kofia. Ndani ya kofia yangu kuna jasho na kuna jina la kampuni ya mbegu.

Nikuulize. Kwa hesabu yangu, mahindi yameshaingia ghalani mara ishirini na mbili tangu huyo bwana aanze kungojwa. Mwanaume anayekawia mavuno ishirini na mbili ama amekufa ama hana adabu. Sasa huyo mwenye duka humngoja kwa uso gani? Anafurahi? Akisikia mtu anapanda ngazi za mlangoni huinuka, au huendelea na kazi?

Kofia iache. Sina wa kumpa.

M. Egeland


Linden Fork
27 Agosti 1876

Bwana Egeland,

Nimekukosea wapi sijui, lakini nimekukosea. Mwandiko wako wa mara hii umetoboa karatasi mahali pawili.

Utepe nimeshaukata, na uliokatwa haurudi kwenye jora lake. Kofia nitaimaliza, hata kama itakaa kwenye rafu.

Unauliza nangoja kwa uso gani. Nangoja nikishona. Kila kivuli kinapopita kizingitini nainua kichwa, kisha nakiinamisha kabla mtu hajaniona. Ndiyo, nadhani nafurahi. Kuna raha fulani katika kumngojea mtu ambaye hajapata nafasi ya kukuvunja moyo.

Ottilie Lund


Slater
3 Septemba 2011

Binti,

Nakuita binti kwa maana sasa nina hakika u kijana. Mwanamke aliyewahi kuishi na mwanaume haandiki hivyo kuhusu wanaume.

Mke wangu aliitwa Ardis. Alikuwa Ottilie kabla yako, majira ya joto ishirini na mawili, kutoka 1989 hadi mwaka jana. Amefariki mwezi wa tatu. Baada ya mazishi tulikuwa tunakula kwenye chumba cha chini cha kanisa, nami niko kwenye foleni ya nyama, mhunzi wenu Duane akanishika mkono. Akasema, "Pole, Merle. Alivyokuwa akimzungumzia yule mume wake wa dukani, hata sisi tulimwonea wivu jamaa." Halafu akajiongezea saladi ya viazi, akasogea mbele.

Tangu siku hiyo sikai peke yangu humu ndani. Huyo mtu anakaa upande wa pili wa meza. Sikujua sura yake, sasa wewe umempa na ndevu.

Nikueleze la ukweli, kwa kuwa hatufahamiani. Mwaka ule wa kwanza Ardis aliniomba nije siku ya ufunguzi. Nikamwambia, mbele ya watoto wetu, kwamba sina muda wa kwenda kutazama watu wazima wakicheza baba na mama. Watoto wakacheka. Naye akacheka. Hakuniomba tena. Kila asubuhi alivaa lile gauni refu, akaniachia mkate chini ya kitambaa, akaendesha maili ishirini kwenda kwenye karne nyingine. Sijawahi kukanyaga huko. Nilidhani amesahau kwamba aliniomba. Kumbe alipata mwingine.

Tarehe mosi Novemba binti yangu Janelle ananichukua kwenda kuishi naye Mesa, Arizona. Sitaki kwenda na huyo mtu kwenye gari. Umerithi aproni ya mke wangu, bila shaka umerithi na mumewe. Niambie ni nani, tumalizane.

Merle Egeland


Des Moines
10 Septemba 2011

Shikamoo, Mzee Egeland.

Jina langu ni Renata Vondra. Nina miaka ishirini na minne. Barua hii siiandiki dukani wala siipitishi kwenye posta ya kijiji. Sheria ya kwanza tunayofundishwa pale ni kwamba ukishavaa gauni hujui lolote lililotokea baada ya 1876. Hujui simu, hujui vita, hujui kwamba mtu aliyesimama mbele yako amefiwa. Nimeishika sheria hiyo vizuri kupita wenzangu, na nilikuwa nikijivuna nayo. Leo naivunja.

Sikujua wewe ni nani. Kijijini tunaitana kwa majina ya dukani. Aliyenitangulia nilimjua kama "Ottilie wa zamani" tu, na nilipoanza kazi mwezi wa sita alikuwa ameshafariki. Hilo halinitoi kosani.

Yule mwenye ndevu nimemtunga mimi. Kuimba, maua, gazeti la jioni, kunyamaza kwake, vyote vyangu. Hakuna hata kimoja cha mke wako. Wewe uliuliza swali la mtu anayeumwa, mimi nikajibu kwa kujipamba. Nilipoandika nilifurahi sana, nikaona kwamba hatimaye namjua Ottilie. Sasa nikisoma tena naona ni mimi tu, chumbani kwangu, nikimwandikia barua mtu ambaye hajazaliwa.

Kilichotoka kwake ni vitu viwili: kiti, na maneno "atakuja mahindi yakishaingia". Hayo nilifundishwa siku ya kwanza, kama wimbo wa watoto, bila kuambiwa yametoka wapi.

Kila mhusika pale ana daftari lake ofisini. Anayeondoka humwachia anayekuja: umri wake, amezaliwa wapi, anamwogopa nani, anasemaje akiulizwa hili na lile. La Ottilie nilipewa. Nilisoma kurasa nne nikaliweka. Nilikuwa nimeshasoma vitabu tisa kuhusu miaka ya 1870, na huyu nilimwona ni bibi wa shambani mwenye mwandiko wa duara. Barua yako hii ya mwisho ilipofika nililitoa nikalisoma lote. Nakunakilia ukurasa wa kumi na moja, neno kwa neno:

"MUME. Mfupi. Hana ndevu, zinamwasha. Kidole cha shahada cha kushoto kimekatika kwenye fundo la kwanza (mashine ya kuvunia mahindi, kwa wageni sema ya kupura, ile nyingine bado haijabuniwa). Kahawa anataka ichemshwe na yai, kama kwa mama yake. Ng'ombe anawaita kwa majina. Mimi ananiita 'wewe'. Kuna namna anavyolisema.

"Bado hajafika dukani. Usimseme vibaya kwa hilo. Atakuja mahindi yakishaingia. Kiti asikalie mtu.

"Wageni wakiuliza atakuletea nini: hataleta kitu. Atatafuta kitu cha kutengeneza.

"Wakiuliza kama unampenda: cheka, endelea kushona."

Chini yake, kwa kalamu tofauti tofauti, ameandika miaka. 1994: "Kiti kisihamishwe." 2003: "Wakitaka kupaka rangi jiko, kiti kirudi palepale." 2010, kwa mkono unaotetemeka: "Kiti."

Samahani, mzee. Sina namna nyingine ya kulisema.

Renata Vondra


Slater
19 Septemba 2011

Marahaba, Renata.

Barua yako nimeitia mfukoni mwa shati siku nne kabla ya kukujibu. Hata kwa daktari nimekwenda nayo. Akaniuliza kifuani kuna nini kinachochakarika nikivuta pumzi, nikamwambia karatasi.

Kidole ni mwaka 1971. Ardis ndiye aliyekiokota, akakitia kwenye mtungi wa maziwa baridi, akanipeleka hospitali akiendesha kwa mwendo ambao hadi leo sijaukubali. Hawakuweza kukirudisha. Njiani kurudi hakuna aliyesema neno. Karibu na nyumbani nikamwambia, "Wewe." Basi. Nadhani ndiyo hiyo namna anayoiandika.

Yule bwana mwenye ndevu ameondoka mezani. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kumzoea. Sasa pale amekaa mfupi mmoja ninayemjua, na huyu ananisumbua zaidi, kwa maana hana pa kujificha. Miaka ishirini na miwili mtu anakuwekea kiti, nawe uko nyumbani unalalamika kwamba mkate umekauka.

Usiniambie nije. Sijui kama naweza. Nimelikodisha shamba, na aliyelikodi ni mvivu, mahindi yake bado yamesimama.

Hicho kiti ni cha namna gani?

Merle

Nyongeza: kofia usiiache.


Des Moines
12 Oktoba 2011

Mzee Merle,

Kiti ni cha mti wa mwaloni. Kina fito tano mgongoni na kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi ngumu. Kinaelekea mlangoni, si kwenye jiko. Hilo sikuwahi kuliona hadi uliponiuliza. Kiti chochote cha mtu anayeota moto huelekea moto. Hiki kimewekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuwa karibu na njia ya kutokea.

Kofia imekwisha. Nimeiweka kwenye kalibu, lile gogo lenye umbo la kichwa, na asubuhi mwanga ukipita kwenye majani yaliyosukwa hutupa ukutani madoa madogo yanayotembea polepole kutoka dirishani hadi kwenye kiti. Nayaangalia yakifika. Huchukua kama saa nzima.

Nimeanza kukosea. Jana mtoto alinionyesha kuba la dhahabu, ukungu ulikuwa umeukata mji kiunoni na lenyewe limeelea juu yake halina kitu chini, nikasema, "Nimeliona." Wenzangu wakanitazama. Mwalimu akacheka, akaniambia, "Dada, umefukuzwa kazi." Nikacheka, nikaendelea kushona.

Siku ya mwisho kabla ya kufunga kwa majira ya baridi ni Ijumaa tarehe 28. Sikuiti. Yeye hakukuita mara ya pili, na mimi ni nani hata nikuite.

Renata


Des Moines
29 Oktoba 2011

Mzee Merle,

Najua uko katikati ya maboksi. Nakuandikia kwa anwani ya Janelle uliyoniachia, barua ikufikie ukiwa umeshafika.

Sikukutambua mlangoni. Nilikuwa na wanafunzi ishirini na sita wa darasa la nne, nikawaza ni babu wa mmoja wao. Ulivua kofia ya kampuni ya mbegu, ukaikunja mara mbili. Mimi niliona mkono, na kidole kilichokatika. Msichana mmoja asiye na meno ya mbele alikuona kabla yangu ukikisogelea kiti.

"Babu, hapo hapakaliwi."

"Nani kasema?"

"Huyu bibi. Ni pa mume wake."

"Basi."

Ukakaa. Yule msichana akakuangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Kwa hiyo wewe ndiye mume?"

"Ndivyo nilivyoandikiwa."

"Umechelewa. Amesema ungekuja mahindi yakiisha."

"Yamekwisha jana," ukasema, na ulilisema kwangu, si kwake.

Nilikuwa na sindano mkononi. Nilitafuta kichwani mstari wa kusema, kutoka kwenye daftari, kutoka kwenye vitabu vyangu tisa, na hakuna aliyeuandika, kwa maana hakuna aliyewahi kuuhitaji. Nikauliza kama unataka kahawa. Ukasema, "Ina yai?" Nikasema ina. Haikuwa na yai. Ulikunywa yote.

Halafu nikawatoa watoto kwenda kwa Duane kuona moto, na niliporudi kiti kilikuwa kitupu, kikombe kimeoshwa, kofia haipo kwenye kalibu. Nilikaa sakafuni, gauni zima likanizunguka, hadi taa zilipozimwa. Sikuhuzunika. Nilihisi kama mtu aliyeamshwa taratibu na mwenzake.

Sasa nina shida. Mwakani nitarudi chuoni na Ottilie atakuwa mwingine. Lazima niuendeleze ukurasa wa kumi na moja: aseme nini akiulizwa habari za mume? Atakuja? Alikuja? Kiti sasa kikaliwe? Sina haki ya kutunga tena. Naomba uniambie wewe, nami nitaandika hivyohivyo.

Renata


Mesa, Arizona
6 Novemba 2011

Renata,

Huku hakuna mahindi. Kuna mawe, wameyapanga vizuri. Janelle aliitoa kofia kwenye boksi akaniuliza ni ya nani, nikamwambia ya mama yako, akasema lakini baba, mama hajawahi kuiona. Nikamwambia asubiri. Imetundikwa karibu na dirisha. Madoa yako ya mwanga yapo, ila huku yanakimbia, jua lao lina haraka. Janelle anasema mama yake alipenda rangi ya chungwa. Usijali, mimi pia nimeambiwa leo.

Kahawa haikuwa na yai. Nilijua kabla haijafika mdomoni.

Kuhusu daftari. Usiandike kwamba nilikuja, ukaishia hapo, itaonekana kama nilifanya jambo la maana. Andika hivi:

"Alichelewa. Alikaa dakika arobaini. Kiti kilikuwa kinayumba, mguu wa nyuma wa kushoto, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kukikalia. Alichonga kibanzi kwa kisu chake cha mfukoni, akakisokomeza chini ya mguu. Kwa sasa hakiyumbi. Wageni wakaribishwe kukaa. Kibanzi asikitoe mtu."

Merle